Miiba Aliyoifyeka Okomo

Kila alfajiri, kabla hajamwambia mtu yeyote neno, Aluoch alitoka na kopo lake la maji, akazunguka nyuma ya nyumba, akachuchumaa mbele ya mimea yake ya miiba na kunawa uso. Hakunawa penye jiwe la kuogea kama wengine wa mji ule wa nyumba tatu. Aliinama mpaka paji la uso likakaribia majani, ili maji yaliyomtoka mashavuni yasiende bure, yaishie kwenye mizizi. Akimaliza aligeuza jani moja, akatazama upande wake wa chini, mweupe kana kwamba limepakwa unga, akaliachia. Ndipo akaingia kumwamkia mama mkwe wake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeshawasalimia wale wenye kucha?"

"Nimewasalimia."

"Wameitikiaje?"

"Wamenyamaza."

"Afadhali. Siku wakiitikia, mimi nahama Buhongwa."

Mimea yenyewe haikuwa na sura ya kumpendeza mtu. Ilikuwa fimbo tu, nyembamba, zenye miiba midogo iliyokwaruza mikono, zimejipanga kando ya ua kama watu wanaosubiri kitu ambacho hakijafika. Aluoch alipewa mizizi mitatu ndani ya kopo la maziwa na Sista Klara, mtawa mzee wa Kizungu ambaye Aluoch alikuwa akimfulia nguo huko Mirongo kabla hajaolewa. Sista alikuwa anarudi kwao moja kwa moja, miguu ilikuwa imevimba, na vitu vyake vyote vilikuwa vimeshagawiwa isipokuwa mizizi ile. Akamwambia Aluoch inaitwa rasiberi. Akamwambia huzaa mwisho wa mwaka. Halafu akamshika mkono, akasema kila mwaka ukishachuma tunda la mwisho, kata fimbo zote mpaka chini kabisa, usiache hata moja, usizionee huruma.

Aluoch akaitikia ndiyo, Sista. Lakini mtu anawezaje kukata kitu kinachozaa? Miaka minne mfululizo alishika panga, akasimama mbele ya zile fimbo, akalirudisha panga ndani. Alivunja vijiti vikavu tu. Kwa hiyo kila mwaka zilizaa kidogo kuliko mwaka uliotangulia, matunda ya kujaza kiganja kimoja, mekundu, laini, yenye harufu ambayo hakuwa na cha kuifananisha nayo. Watoto wa jirani waliyaita forosadi za miiba. Victor, mume wake, alikuwa akila moja, anafumba macho, anasema, "Sijui kama ni tamu au ni kali. Lete nyingine nihakikishe."

Victor alifariki mwezi wa pili mwaka wa tisini na tano. Alikuwa akifanya kazi ya kukata minofu ya sangara kwenye kiwanda kimojawapo cha kule ziwani, akarudi siku moja na homa, na siku ya tisa homa ikaondoka naye. Hawakuwa wamejaliwa mtoto aliyekaa. Kaka yake, Okomo, ndiye aliyebaki kuwa mwanamume wa mji. Yeye alipunguzwa kazi ushirika ulipoanza kuyumba na watu binafsi kuja kununua pamba, na tangu hapo alikuwa akichukua mapanki viwandani, yaani yale mafuvu na mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishapelekwa Ulaya, anayafunga kwenye baiskeli na kuyauza mitaani.

Okomo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya jambo liwe zito. Mtu mbaya ungemchukia, ukalala. Okomo alikuwa mtu wa kutimiza wajibu. Marehemu akishaacha mjane, mjane anarithiwa na ndugu. Asiporithiwa, hawezi kuweka mbegu ardhini, na wa mji wake nao hawawezi kupanda mbele yake bila kuvunja mpangilio, na mpangilio ukivunjwa inakuja chira, ile laana inayokondesha watu bila ugonjwa kujulikana. Kanisani walisali Jumamosi, Wasabato wa kweli kabisa, lakini ikifika habari ya mbegu hakuna aliyetaka kujaribu. Mtoto mdogo wa Okomo alipokohoa, macho ya watu wote mezani yalimwendea Aluoch, kisha yakarudi kwenye ugali.

Aluoch alitaka jambo moja tu. Alitaka kwenda Nansio, kwa dada yake Selina aliyeolewa kule kisiwani, ambako kulikuwa na machungwa ya kuchuma na chumba cha kulala. Lakini alitaka kutoka ameachiliwa. Akitoroka, mtoto yule akizidi kukohoa, au ng'ombe akifa, au Mama akianguka tu njiani, itasemwa ni Aluoch. Na yeye mwenyewe, chini kabisa ya moyo, hakuwa na hakika kwamba wasemaji watakuwa wamekosea.

"Shemeji," Okomo alikuwa akimwambia, kwa upole, akiangalia pembeni, "mimi sikulazimishi. Ila mvua za vuli zikija lazima tupande. Unanielewa?"

"Nakuelewa, shemeji."

"Basi mpaka hapo uwe umejiandaa."

Mkewe Okomo, Suzana, alikuwa akisikia haya yote kutoka jikoni, na siku hizo masufuria yalianguka sana.

Mwisho wa mwezi wa sita, kiangazi kimeshika, Okomo alikwenda kusafisha shamba la mahindi lililopakana na ua. Akasimama. Katikati ya mabua makavu, hatua tatu kutoka kwenye ua, palikuwa na vichipukizi vinne vya miiba, vibichi, vimesimama peke yao mahali ambapo hakuna aliyepanda kitu.

"Aluoch!"

Sauti ile iliwatoa watu wote nje. Hata jirani yao Ng'washi, mama wa Kisukuma mwenye mwili na maneno, alisogea kwenye ua na kuegemeza mikono juu.

"Nani kapanda hivi?"

"Hakuna aliyepanda, shemeji. Vimetembea vyenyewe chini kwa chini. Ndivyo vilivyo."

"Vimetembea? Vina miguu?"

"Vina mizizi."

"Mjane! Kaburi la mume wako halijakauka, hujarithiwa, na umeweka kitu kwenye ardhi ya watoto wangu! Unajua mtoto wangu anakohoa tangu lini?"

"Okomo," mama yake akasema.

"Hapana, Mama, niache."

"Bwana Okomo," Ng'washi akaita kutoka kwenye ua, "ninyi Wajaluo mnaogopa hata majani? Sisi tungeshamlisha ng'ombe, habari ikaisha."

"Mama Ng'washi, usitutanie leo."

"Nisipotania leo nitatania lini? Leo ndiyo mmenuna."

Okomo hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na panga. Kwanza akakata vile vinne. Halafu akazunguka ua, akaanza kufyeka mstari mzima. Hakukata kwa hasira ya kurukaruka, alikata kama anavyofanya kila kazi, vizuri, toka mwanzo mpaka mwisho, akiinama ili panga lipite usawa wa udongo. Fimbo kuukuu za miaka minne zilianguka moja juu ya nyingine. Alizikusanya kwa mguu, akazitupa pembeni, akahakikisha hakuna iliyobaki. Hata moja haikubaki.

Aluoch alikuwa amesimama na mikono kifuani. Alitarajia kulia. Badala yake alijikuta anatazama ile mikato, safi, mpaka chini kabisa, na maneno ya mtawa mzee yakaja masikioni mwake neno kwa neno. Jambo aliloshindwa kulifanya miaka minne, mtu mwingine alikuwa amelimaliza kwa muda wa kuchemsha chai.

"Shemeji," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza, "na zikiota tena, zikazaa?"

Okomo akafuta jasho. "Kisiki kizae?"

"Nauliza tu."

"Nimelima tangu nina miaka saba. Hiki unachokiona hapa kimekwisha." Akamtazama mama yake, akamtazama Ng'washi juu ya ua, na pengine aliona kwamba amekata zaidi ya ilivyohitajika, maana sauti yake ilishuka. "Haya, sikia. Kama hivi vitu vitazaa kabla mbegu haijaingia ardhini mwaka huu, mimi Okomo sitakurithi. Nitakufungulia lango mwenyewe uende kwa dada yako. Na kama kuna chira, itanikuta mimi."

Suzana aliyekuwa mlangoni akaweka mkono mdomoni.

"Umesema mbele yangu," mama yake akamwambia.

"Nimesema. Lakini na yeye asishike jembe. Asipande, asimwagilie. Mjane ni mjane."

Aluoch akauliza, "Na kunawa uso?"

Ng'washi ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha tumbo kilichotikisa ua mzima, na Mama akafuata akijizuia.

"Kunawa uso si kilimo," Mama akasema. "Hata wazee wetu walinawa."

Wiki ya kwanza hakikuonekana kitu. Wiki ya pili hakikuonekana kitu. Udongo ulikuwa mgumu, upepo wa ziwani ulileta vumbi, na Aluoch alikuwa akichuchumaa kila alfajiri mbele ya mahali patupu, ananawa, anatazama, anaondoka. Alikuwa anajiona kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Akanawa pia shingo. Akaanza kunawa mpaka viwiko.

Siku ya kumi na saba, udongo ulikuwa umepasuka. Mpasuko mdogo tu, kama mdomo mkavu. Kesho yake kwenye mpasuko ule palikuwa na ncha, nyekundu, nene, imekunja majani kama ngumi ya mtoto mchanga. Aluoch aliinamisha uso mpaka akainusa. Pembeni yake kulikuwa na nyingine. Na nyingine. Hazikutoka kwenye visiki alivyokata Okomo. Vile vilibaki vikavu, vimekufa kweli kama alivyosema. Zilitoka chini zaidi, kutoka mahali ambapo panga halikufika, na zilitoka kila upande. Alihesabu mpaka thelathini na nane, akapoteza hesabu, akaanza tena, zikawa arobaini na moja. Zamani alikuwa na fimbo kumi na mbili.

Hakumwambia mtu. Alikaa pale mpaka jua lilipomchoma mgongo, na siku hiyo shikamoo ya mama mkwe ilichelewa.

Suzana ndiye aliyegundua wa kwanza. Alikuja nyuma ya nyumba na karai la maji aliyooshea mapanki, maji mazito yenye damu na magamba, akamkuta Aluoch amechuchumaa. Wakatazamana. Tangu msiba wale wanawake wawili hawakuwa wamesema zaidi ya lete chumvi na funga mlango.

"Ni zile zile?" Suzana akauliza.

"Ni zile zile."

Suzana akatazama huku na huku. "Mimi si mjane," akasema. "Mimi namwaga maji machafu tu. Mji huu hauna mtaro." Akayamwaga polepole, toka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, kwa uangalifu wa mtu anayemimina uji kwenye vikombe. "Halafu usinishukuru. Sikufanyii wewe."

"Najua."

"Nakuonya tu. Mimi siwezi kupika kwa zamu."

Toka siku hiyo usafi wa mji ule ulikuwa wa ajabu. Suzana alimwogesha mtoto nyuma ya nyumba. Alifulia huko. Alioshea sufuria huko, na kila jioni maji ya mapanki yalimwagwa huko, mpaka mahali pakanuka kama forodhani. Mama naye, ambaye magoti yalimuuma na alizoea kuoga kwa kujipangusa, akasema daktari amemshauri kuosha miguu asubuhi na jioni.

"Daktari gani?" Okomo akauliza.

"Kwani wewe unawajua wote?"

Okomo akamtazama mkewe, akamtazama mama yake, akatazama ndoo. "Mnaoga sana siku hizi," akasema, akapanda baiskeli yake.

Kwa kweli aliona. Mtu wa shamba haoni kwa kuambiwa. Mwezi wa nane zilikuwa magotini. Mwezi wa tisa zilimfika kifuani, zimenyooka, nene kama kidole gumba, na majani yake yalikuwa makubwa mpaka upepo ukipita upande ule mweupe ulimetameta ua mzima kama ziwa linapogeuka rangi. Jioni moja Aluoch alimkuta Okomo amesimama pale peke yake na kofia mkononi. Hakugusa kitu. Alipomwona Aluoch alikohoa, akasema wavu wa kuku umetoboka, akaondoka. Hapakuwa na wavu wa kuku upande ule.

Mwezi wa kumi zikatoa maua. Maua yenyewe yalikuwa madogo, meupe, ya kinyonge, ungeyapita bila kuyaona, lakini nyuki waliyaona. Walikuja wengi hivi kwamba ukiegemea ukuta wa nyumba ulisikia mvumo ndani ya matofali. Ng'washi alianza kuleta watu. Aliwaleta wanawake wa kisima, aliwaleta wageni wake kutoka Sengerema, anawasimamisha kwenye ua na kuwaonyesha kwa kidole.

"Hizi zilikatwa kwa panga, mimi nikiwa hapa hapa. Ziliisha. Mkojo wa kuku tu ndio ulibaki. Sasa tazameni."

"Kuku hakojoi, Mama Ng'washi."

"Ndiyo maana nakwambia palikuwa hapana kitu!"

Watu hawakucheka sana. Walitazama, wakashusha sauti. Mmoja akasema yule mjane ana dawa. Mwingine akasema si dawa, marehemu ndiye anayezisukuma kutoka chini. Aluoch aliyasikia maneno hayo kupitia dirishani na hakujua la kufanya nayo, kwa sababu yeye mwenyewe, akisimama mbele ya fimbo zile alfajiri, alikuwa akihisi kwamba yuko mbele ya kitu kinachojua zaidi kuliko yeye. Akili ilimwambia ni kama alivyosema Sista. Magoti yalimwambia apige magoti. Alikuwa anapiga.

Uchaguzi ukapita, magari ya kampeni yakaacha kupiga kelele barabara ya Shinyanga, na watu wakageuza macho juu. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa ziwa. Rasiberi zilikuwa zimefunga matunda, mamia, lakini yote ya kijani, magumu kama kokoto. Na kuzaa, kila mtu alielewa bila kuulizwa, ni tunda lililoiva.

Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri moja, ikapiga mabati kwa nusu saa, ikaacha. Okomo alitoka mara hiyo hiyo kwenda shambani, akaingiza kidole kwenye udongo. Aluoch alimtazama kupitia upenyo wa mlango. Okomo alitoa kidole, akakiangalia kilipolowa.

"Bado," akasema kwa sauti, kama anamwambia mtu. "Moja haitoshi. Mbegu itaoza."

Wengine wa mtaa walipanda kwa mvua hiyo hiyo. Okomo angeweza kupanda, na hakuna ambaye angemlaumu.

Jua likawaka siku nne. Matunda yakaacha ujani, yakawa meupe kama maziwa yaliyochujwa, halafu yakaanza kuona haya kidogo upande wa jua. Siku ya tano mawingu yakarudi, meusi, mazito, na ikanyesha mpaka maji yakatiririka uani. Jioni Okomo aliingiza kidole, kikalowa chote. Akaleta debe la mbegu, akaliweka mlangoni. Akanoa majembe. Wakati wa kula alisema bila kumtazama mtu, "Kesho asubuhi tunapanda."

Suzana aliinuka akaacha chakula chake.

Mama akamfuata Aluoch mpaka kwenye mlango wa nyumba yake. Bado kulikuwa na mwanga. Akakaa kwenye kizingiti, akanyoosha miguu.

"Mimi nilirithiwa na mdogo wa mume wangu," akasema. "Alikuwa mtu mzuri. Hakunipiga hata siku moja. Mimi sikuulizwa, na yeye hakuulizwa. Tulikaa miaka ishirini na mbili kama watu wawili walioazimwa koti moja." Akajisugua magoti. "Sikujua kwamba kuna kuuliza. Siku ile ulipomuuliza Okomo, na zikizaa, mimi nilishtuka kuliko yeye."

Asubuhi Aluoch alitoka mapema. Kulikuwa na ukungu mwepesi, majani yanadondosha maji, na nguo yake ililowa alipojipenyeza katikati ya fimbo. Alitafuta kwenye ncha za juu. Waridi. Waridi. Nyeupe. Waridi. Alikuwa amefika karibu na mwisho wa mstari, moyo umeanza kwenda chini, alipoliona. Lilikuwa limejificha nyuma ya jani, limening'inia kichwa chini, jekundu. Si la kujikokota kuelekea uwekundu. Jekundu lenyewe, mpaka ndani, kila kijipunje kimebeba mwanga wake kama taa ndogo. Hakuligusa. Alisimama pale na mikono imefunguka, na machozi ambayo hayakutoka siku ya panga yakatoka sasa, kimya, bila uchungu.

"Mama," akaita.

Mama alikuja akichechemea, khanga mabegani. Okomo alikuwa ameshafika kwenye ukingo wa shamba na debe la mbegu, Suzana nyuma yake na jembe. Waliposikia sauti walisimama.

"Liko wapi?" Mama akauliza. Aluoch akamwonyesha. Mama akanyoosha vidole viwili, akaligusa tu, na tunda likamjia lenyewe mkononi. Pale lilipotoka, kwenye kikonyo, pakabaki kiini cheupe, kisafi, na tunda lenyewe lilikuwa wazi ndani kama kofia. Mama akalitazama. Akalivika kwenye ncha ya kidole chake kidogo, kile kidole kilichokunjamana kwa miaka, akakiinua juu ili mwanawe akione.

Okomo akaweka debe chini.

Alikuja polepole. Hakutazama kidole cha mama yake kwanza. Alipiga magoti kwenye matope, akafunua majani kwa mikono miwili, akatafuta chini mpaka akavipata visiki vyake vya zamani, vikavu, na alama ya panga bado juu yake. Akavishika kimoja baada ya kingine.

"Ni mimi niliyekata," akasema. "Ni mkono huu. Nilihakikisha."

"Ulihakikisha," Aluoch akamwambia. Na hapo angeweza kunyamaza. Suzana alikuwa akimtazama kwa macho ya kumwomba anyamaze. Lakini Aluoch hakutaka kutoka kwa mlango uliofunguliwa na woga. "Shemeji, nikwambie kitu. Aliyenipa mizizi hii aliniambia ndivyo zinavyotunzwa. Zikatwe zote mpaka chini, ndipo zizae vizuri. Miaka minne nilishindwa. Wewe ndiye umefanya."

Mahali fulani jogoo wa Ng'washi aliwika, akakatiza.

"Kwa hiyo ulijua," Okomo akasema.

"Niliambiwa. Sikuamini. Siku ulipokata, nilijua nimepewa nafasi, lakini sikujua kama ni ya kweli. Kila siku nimekuja hapa bila kujua."

Okomo bado alikuwa amepiga magoti. Alitazama juu, fimbo zile zimempita kichwa, zimebeba mamia ya matunda yanayosubiri siku moja au mbili za jua. Uso wake haukuwa wa mtu aliyedanganywa. Ulikuwa uso wa mtoto wa miaka saba aliyepelekwa shambani kwa mara ya kwanza.

"Hata mimi ningeambiwa nisingeamini," akasema mwishowe. "Mama, nipe."

Mama akamvulia lile tunda kutoka kidoleni. Okomo akaliweka mdomoni, akafumba macho, akakaa hivyo.

"Vipi?" Suzana akashindwa kuvumilia. "Ni tamu?"

"Subiri," Okomo akasema. "Victor alikuwa anazisema hizi. Nilidhani anatania."

Akasimama, akajipangusa magoti bila mafanikio, akaenda langoni. Lango lilikuwa la mbao nzito, limevimba kwa mvua, akalivuta kwa mikono miwili mpaka likafunguka lote, likagonga ua. Ng'washi alikuwa ameshafika upande wa pili na hakuwa na neno hata moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Aluoch, binti wa watu," Okomo akasema kwa sauti ya kusikika na majirani, "ulikuja hapa kwa ndugu yangu, na ndugu yangu hayupo. Mimi nimekuachilia. Mji huu haukudai. Ukitaka kukaa, nyumba ni yako, hakuna atakayekusumbua. Ukitaka kwenda, nenda mchana, kwa lango hili."

"Nitakwenda, shemeji."

"Leo?"

"Leo hii. Meli ya Nansio haingoji."

Mama hakuuliza kwa nini. Alikwenda ndani kumfungia viazi. Suzana akamsaidia kukunja khanga mbili na blanketi, na walipokuwa wameinama juu ya kitanda akasema haraka haraka, "Sikukuchukia wewe. Ujue." Aluoch akasema alijua tangu maji ya kwanza ya mapanki. Wakacheka, halafu Suzana akageuza uso ukutani.

Ilikuwa saa tatu. Okomo alikuwa ameshaanza mstari wa kwanza, anachimba, Suzana akamkimbilia na mbegu. Aluoch akamwinamia mama mkwe, akamshika miguu. Mama akamwekea mkono kichwani. Kisha Aluoch akajitwika mzigo wake, akapita katikati ya uwanja uliolowa, akafika langoni. Wote shambani wakanyoosha migongo kumtazama. Alisimama kidogo tu kuurekebisha mzigo kichwani, akavuka, akashika njia ya matope inayoelekea barabara kubwa, hatua ndefu, khanga imekazwa kiunoni.

Mvua ilirudi saa nane. Ilipoanza kuzifuta nyayo zake njiani, zilikuwa zote zimeelekea upande mmoja.